Mwanangu Yumo Kwenye Orodha kwa Mchezo Ambao Hakuucheza

Bi. Opal mpendwa,

Naomba unisaidie, na unisaidie kabla ya Jumatano, maana Jumatano saa nane mchana mwanangu ataketi mbele ya shule nzima kwenye ukumbi wa mpira, mezani pamewekwa kofia ya chuo, na atatia saini karatasi ya kwenda kucheza mpira wa kikapu kwenye chuo kikubwa ambacho kila mtu wa kaunti hii amekuwa akikitazama kwenye televisheni tangu utotoni, na mimi mama yake naiogopa siku hiyo kuliko nilivyoiogopa siku ya kumzaa. Naandika hapa jikoni mume wangu Lyle akiwa ametoka kwenda kunyolewa, naandika haraka kabla hajarudi, unisamehe mwandiko.

Mwanangu anaitwa Garrett, ana miaka kumi na saba, urefu futi sita na inchi nane, mtoto mpole, na mpira anaujua, sisemi haujui, lakini anaujua kwa kiwango cha hapa kwetu, cha kucheza Ijumaa jioni na shule jirani. Ana rafiki yake Dell Pruitt, wamekua pamoja tangu chekechea, kimo chao kinapishana nusu inchi, wote wana nywele za rangi ya mchanga na wananyolewa na kinyozi yule yule, hata mimi wakiwa upande wa pili wa uwanja huwa nawachanganya. Mama yake Dell, Charlene, anafanya kazi kwenye jiko la shule na ndiye rafiki niliye naye duniani, kila Jumapili tukitoka kanisani anakuja kwangu, namtilia kahawa, naye ananisomea ukurasa wako wa gazetini kwa sauti, na tunawacheka sana watu wanaokuandikia. Leo mimi ndiye wa kuchekwa.

Mwezi wa saba tulikwenda Fort Wayne kwenye yale mashindano ya kiangazi, viwanja kumi na viwili ndani ya jengo moja, filimbi zinalia kila upande, na Charlene hakuja kwa sababu alikuwa na zamu ya kupika chakula cha watoto wa likizo, na mimi ndiye niliyeshika daftari la timu yetu kama kawaida, naandika nani kafunga na nani kafanya faulo. Karibu na mapumziko Garrett akateguka kifundo cha mguu, akakaa na barafu, na muda si muda Dell akapigwa kiwiko juu ya jicho, damu ikamchuruzika mpaka kwenye jezi yake, na wewe unajua sheria, jezi ikiwa na damu refa hakurudishi uwanjani. Kocha wa kiangazi alikuwa amesahau begi la jezi za akiba hotelini. Basi Garrett akavua yake, namba 32, akamrushia mwenzake akisema, "Vaa hii, mimi leo nimekwisha." Dell akabandikwa plasta, akavaa, na kocha akanigeukia, "Mama Garrett, kimbia ukawaambie waandishi wa mchezo pale mezani kwamba thelathini na mbili sasa ni Dell." Nikasema sawa. Sikwenda, Bi. Opal. Nilikuwa nimepiga magoti namfunga Garrett barafu, nikasema nitakwenda sasa hivi, na sasa hivi ikawa mchezo umeisha. Kwenye daftari langu niliandika pembeni kwa herufi ndogo, "32 kipindi cha pili ni Dell, damu."

Kipindi hicho cha pili Dell alifunga pointi ishirini na saba. Sijawahi kumwona mtoto akicheza vile kwa macho yangu, kila mpira uliorudi ulikuwa wake, na wale wanaume wenye vitambulisho shingoni wakaanza kuacha viwanja vingine na kuja kwetu, akiwemo Duane Fessler, yule ambaye orodha yake ya wachezaji bora wa shule inasomwa na kila kocha wa jimbo hili. Alifika mchezo ukiwa umeshaanza, akaangalia uwanjani, akaangalia karatasi yake ya majina na namba, akaandika.

Baada ya siku tatu orodha ikatoka, na Garrett wangu, ambaye hakuwa kwenye orodha yoyote hata ya kaunti, akawa na nyota nne, wa arobaini na moja nchi nzima. Aliingia hapa hapa jikoni na simu mkononi, amekuwa mweupe kama sahani, akasema, "Mama, huyu siyo mimi. Huyu ni Dell." Nikamwambia, "Nyamaza kwanza, baba yako anakuja." Hayo ndiyo maneno niliyosema, sikuongeza wala sikupunguza, na Lyle akaingia anapiga kelele kama kashinda yeye, akamkumbatia mtoto mpaka miguu ikaning'inia, na nani angeweza kusema kitu wakati ule?

Dell mwenyewe alicheka tu. Alikuja akala mkate wangu wa mahindi, akasema, "Huyo mzee kaandika mechi yangu kwa jina lako, atagundua kosa lake kesho." Tukaisubiri kesho. Badala yake kikapiga simu chuo kimoja, kisha cha pili kikapiga kwa sababu cha kwanza kilikuwa kimepiga, kisha Fessler akampandisha Garrett mpaka wa thelathini na tatu kwa sababu vyuo viwili vilikuwa vimepiga, na mpaka mwezi wa tisa vilikuwa vyuo saba. Orodha inawatazama makocha, makocha wanaitazama orodha, na mtoto mwenyewe hakuna anayemtazama. Nilimpigia kocha wa kiangazi kumwambia tuseme, akanijibu, "Usiwe mjinga, mama. Akipanda mmoja, timu nzima inaonekana."

Kisha akaja kocha msaidizi wa hicho chuo kikubwa, Bwana Tolliver, viatu vinang'aa, akakaa kwenye ukumbi wetu saa mbili nzima akitazama mazoezi. Garrett alikosa kila kitu, utadhani kikapu kimefungwa kifuniko, na mimi nikajisemea moyoni, imekwisha, Mungu asante. Bwana huyo akanijia anatabasamu, "Mama usijali, hii ni wiki mbaya tu, video tumeshaiona, tunajua alivyo." Video yenyewe ni ya sekunde arobaini, imepigwa kutoka mbali, unaona migongo na namba 32. Pale pale mbele yake Dell alikuwa anachukua kila mpira, na nilimsikia Bwana Tolliver akimuuliza kocha wa shule, "Na yule mwingine, yumo kwenye orodha?" Akajibiwa hapana. "Aha," akasema, na kalamu akairudisha mfukoni.

Sasa Garrett anatapika kabla ya kila mazoezi. Nywele nazikuta kwenye sinki. Hamtazami Dell usoni, na Dell amejaza fomu za kiwanda cha nyumba za kukokotwa na magari, aanze mwezi wa sita akimaliza shule, maana hakuna chuo kilichomwita, na anamwambia mwanangu, "Wewe nenda tu, kaka, mimi nitakutazama kwenye televisheni." Ninaogopa siku ya kwanza ya mazoezi chuoni, watakapomweka mbele ya vijana ambao kweli ni wa kumi na wa kumi na mbili nao wamle mzima mzima, halafu waulize, huyu ndiye tuliyemwona? Ninamwogopa Lyle, ambaye nilijaribu kumgusia, nikasema, "Na kama orodha imekosea?" akacheka, akasema, "Mke wangu, wale hiyo ndiyo kazi yao. Wewe kazi yako ni daftari."

Lakini ninayemwogopa kuliko wote ni Charlene. Yeye hajui. Aliona mshono wa nyuzi tatu juu ya jicho la Dell, na ile jezi yenye damu aliifua yeye kwa maji baridi na chumvi, akinilalamikia kwamba mtoto huyu anamrudishia nguo kama katoka machinjioni, basi, na mimi nilikaa pale namsikiliza. Sasa ndiye anayeoka keki ya Jumatano. Juzi kaniuliza, "Shoga, kofia ni nyekundu au ni damu ya mzee? Nataka sukari ya juu ifanane. Halafu katikati nawaandikia 32 kubwaaa." Nilikwenda bafuni nikafungua maji ya bomba nilie asinisikie.

Niambie nifanye nini. Watu wanasema orodha hizi hukosea kila mwaka na hakuna anayekufa, kuna vijana wa nyota tano wanaoishia benchi na wasio na hata moja wanaoishia kwenye magazeti, sasa labda na kosa hili litapita kama mengine, labda Garrett atakua, labda atafikia. Nikisema naogopa, nisiposema naogopa, nimechoka kuogopa.

Wako,
Mama Mwenye Daftari


Mama Mwenye Daftari,

Vuta pumzi kwanza. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikakuonea huruma, mara ya pili nikakasirika, na majibu yangu yana vyote viwili, kwa hiyo pole na keti vizuri.

Unaniuliza kama orodha hukosea. Mama, mimi nilikaa kwenye meza ya waandishi wa mchezo miaka thelathini na moja, na marehemu mume wangu alikuwa kocha aliyekula chakula chake cha jioni huku anasoma orodha hizo na kuzitukana. Wale watano wa juu hata mchungaji wetu asiyejua kikapu angewaona akipita na gari. Ukishafika wa thelathini, wa arobaini, hapo unamkuta mtu mmoja mwenye kahawa iliyopoa, viwanja kumi na viwili mbele yake, vijana mia tatu, anaandika alichokiona kwa dakika kumi, halafu anatega sikio kujua makocha wanasema nini. Kuna siku anapata. Kuna siku kijana anarefuka inchi mbili baada ya orodha kutoka, au goti linamgomea, au anapenda msichana na akili inahama. Makosa hayo ni ya kawaida, nami simlaumu mtu kwayo. Lakini usijifiche nyuma yake. Fessler alikosea kwa kutojua. Wewe unajua, na umeandika kwa mkono wako, na una daftari ndani ya nyumba.

Umesema "sasa hivi ikawa mchezo umeisha." Sawa, siku ile ulikuwa na mtoto aliyeumia, hata mimi ningepiga magoti. Hilo nakusamehe. Lakini toka mwezi wa saba mpaka leo ni miezi minne, na kifundo cha mguu kimeshapona.

Nikwambie kilichoniudhi zaidi. Umenieleza unachoogopa wewe, anachofurahia Lyle, alichosema kocha wa kiangazi, ambaye ningependa sana nikutane naye siku moja, na alichosema yule wa viatu vinavyong'aa. Garrett umempa mistari miwili, na katika mistari hiyo mtoto alisema ukweli siku ya kwanza, dakika ya kwanza, simu ikiwa bado mkononi, ukamwambia anyamaze. Halafu unashangaa anatapika. Mazoezi hayajawahi kumtapisha mtoto aliyecheza toka chekechea. Anachotapika ni lile neno lako.

Unasema labda atafikia. Labda, kweli. Nimeona wavulana waliokwenda chuoni bila nyota hata moja na wakarudi wanaume wa kutisha uwanjani. Lakini walikwenda na mchezo wao wenyewe, mbaya au mzuri, na walipokosa walikosa kwa jina lao. Wewe unataka kumtuma mwanao akalipie kila siku mchezo wa mtu mwingine, mbele ya watu elfu kumi na tano, na baba yake yuko jukwaani amevaa kofia. Huo ni ukatili, mama, hata kama unafanywa kwa mapenzi.

Kwa hiyo sikiliza. Leo Jumapili, kabla hujapiga mswaki, mwamshe Garrett umwombe radhi. Usimweleze sababu, vijana hawataki sababu, mwambie tu, "Ulisema kweli na mimi nilikunyamazisha," kisha mwulize anataka nini na ukae kimya mpaka amalize, hata akichukua dakika kumi kuanza. Nadhani najua atakachosema, na nadhani na wewe unajua. Kesho asubuhi ampigie Bwana Tolliver, ampigie yeye, siyo wewe wala baba yake, aseme wazi kwamba aliyevaa 32 kipindi cha pili ni Dell Pruitt na kwamba mama yake ana ukurasa ulioandikwa siku ile ile. Ukurasa huo upige picha umtumie na Fessler. Atafoka, halafu atakimbia kurekebisha kwa sababu mtu yule anaishi kwa kuaminiwa, na kosa hili likijulikana ataogopa kuliko wewe.

Chuo kinaweza kujiondoa. Pengine kitajiondoa. Sikufichi, na utalia, na Lyle atapiga mlango. Lakini siku hiyo hiyo mwanao atakula chakula cha jioni na kitakaa tumboni. Kuna vyuo vidogo ndani ya jimbo hili ambavyo makocha wake hawana uwezo wa kuzunguka na orodha, wanakuja kukaa kwenye mabenchi yetu ya mbao na kutazama kwa macho, na Garrett ni mrefu futi sita na inchi nane na ni mtoto wa adabu, hatakosa pa kwenda. Kuhusu Dell sikuahidi kitu. Nafasi nyingi zimeshajaa, na miezi minne aliyopotezewa hairudi. Ila mtu mmoja aje amtazame akijua anamtazama nani. Hiyo ni haki yake, na wewe ndiye unayeishikilia.

Lyle mwambie kwamba Opal kakubaliana naye, kazi yako ni daftari, na sasa utaifanya.

Meza ya Jumatano iondolewe. Keki tutaizungumza.

Ndiyo, keki. Nimebadilisha majina yenu wote, nimebadilisha namba ya jezi, nimebadilisha mji na nimehamisha chuo. Lakini damu sikuibadilisha, wala maji baridi na chumvi. Ningeweza, nilikaa na kalamu juu ya mstari ule, nikauacha. Mwanamke aliyeifua jezi ile hahitaji kuona jina lake ili ajijue. Wewe ulikuwa unajua anausoma ukurasa huu kila Jumapili mezani kwako, na nadhani ndiyo maana uliniandikia mimi ukamwacha mchungaji wako hapo jirani. Ulitaka ajue, ulichotaka kukwepa ni mdomo wako kutamka.

Basi nakurudishia mdomo wako. Gazeti linafika mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, na yeye hulifungua kwako baada ya kanisa, kwa sauti, kikombe kikiwa mkononi. Kanisa linatoka saa tano na nusu. Usikubali Charlene ajisomee haya mwenyewe akicheka, mpaka afike kwenye chumvi. Ukishazungumza na Garrett, chukua daftari, vaa koti, nenda nyumbani kwake sasa hivi. Na safari hii sasa hivi iwe sasa hivi.

Opal